Kubadilisha Paneli ya Milango ya Kadi Iliyoachwa Kutengenezwa: Mwongozo Kamili kwa Fundi na Mwenye Jengo

Paneli ya kudhibiti milango, yaani bodi inayoamua kadi ipi ifungue mlango upi, ikishaachwa kutengenezwa, kwanza zinaisha bodi za akiba madukani. Kisha programu yake inagoma kuingia kwenye kompyuta mpya, na mwishowe mfumo mzima unategemea kompyuta moja ya Windows 7 ambayo hakuna anayethubutu kuizima. Hapo ndipo mwenye jengo anampigia fundi simu, na swali la kwanza huwa bei ya paneli mpya.

Mimi naona swali hilo limewahi mno. Sehemu kubwa ya kazi hii imo kwenye nyaya, makufuli na kadi ambazo tayari zipo jengoni. Ukizifahamu hizo, paneli yoyote mpya yenye ubora itakaa. Usipozifahamu, utanunua bodi ya gharama na jioni ya siku ya kazi utakuwa bado umesimama mbele ya mlango usiofunguka, na watu wako ndani.

Nitatumia mfano wa jengo lililo la kawaida mno mijini kwetu: ofisi yenye milango minne na paneli moja ndani ya boksi la bati kwenye chumba cha seva. Visoma kadi ni vya Wiegand (njia ya zamani ya kupeleka namba ya kadi kwa nyaya mbili), makufuli ni ya sumaku ya volti 12, kila mlango una kitufe cha kutokea kwa ndani, na chini ya boksi kuna betri ya 12V 7Ah (volti 12, ampea-saa 7). Wenye mifumo mikubwa yenye VertX, paneli za zamani za kampuni ya HID, wana njia nyepesi kidogo, kwa kuwa HID ilitoa familia ya Aero ichukue nafasi ya VertX: X100 palipokuwa na V100, X200 palipokuwa na V200, X300 palipokuwa na V300. Wengi wetu tunahama kutoka kwa mtengenezaji mmoja kwenda kwa mwingine, na mwongozo huu ni wa hali hiyo.

Ujue mlango kabla ya kufungua katalogi

Fungua kava la paneli ya zamani upige picha kila upande, kwa ukaribu wa kuonyesha herufi zilizo pembeni mwa kila skrubu. Kisha chukua daftari, mlango mmoja kurasa mbili. Andika kila waya una rangi gani, unaingia skrubu ipi, na kule mwisho unafika wapi. Usiiamini rangi peke yake. Majengo mengi waya uliishia darini, fundi akaunga kipande cha rangi nyingine akaondoka zake. Pima kwa maltimita.

Kisoma kadi cha Wiegand kina nyaya nne za lazima: mwekundu wa chanya, mweusi wa hasi, wa kijani wa D0 na mweupe wa D1, hizi mbili zikiwa ndizo zinazopeleka namba ya kadi. Zinazobaki ni za taa na mlio, na rangi zake hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo hizo zifuate mpaka mwisho. Kagua kama kisoma kinapata umeme kutoka kwenye paneli au kina adapta yake. Kikiwa na adapta yake, hasi ya adapta lazima iungane na hasi ya paneli, la sivyo namba za kadi zitafika zimevurugika au hazitafika kabisa.

Kwa upande wa kufuli, uliza jambo moja: umeme ukikatika, mlango unafunguka au unabaki umefungwa? Kufuli la sumaku linahitaji umeme muda wote ili lishike, hivyo umeme wake hupita kwenye relei, yaani swichi ya umeme ya paneli, kwa COM (skrubu ya pamoja) na NC (iliyoungana na COM relei ikiwa imetulia). Kadi ikikubaliwa, relei inakata na mlango unaachia. Kitasa cha umeme cha aina inayobaki imefungwa ni kinyume chake: kinapata umeme pale tu kadi inapokubaliwa, hivyo kinatumia COM na NO (inayoungana na COM pale tu relei inapoamshwa). Andika kwenye kila ukurasa ni aina ipi. Milango minne ya jengo moja huenda isifanane, maana mara nyingi mmoja umewahi kuharibika ukawekewa kilichopatikana dukani siku hiyo.

Chunguza pia kama relei za paneli ya zamani zinatoa umeme zenyewe. Baadhi ya bodi zina jampa, kiunganishi kidogo cha kuchomeka, inayopeleka volti 12 moja kwa moja kwenye relei, ilhali nyingine ni mgusano mtupu na umeme wa kufuli unatoka kwenye pawasaplai. Ukihamisha nyaya kutoka bodi ya aina ya kwanza kwenda ya aina ya pili bila kubadili njia ya umeme, kufuli halitashika na utapoteza muda mwingi ukiilaumu programu.

Mwisho, kitufe cha kutokea na kitambuzi cha mlango. Kitufe kwa kawaida hufunga mzunguko kinapobonyezwa. Kitambuzi cha mlango kwa kawaida mzunguko wake umefungwa mlango ukiwa umefungwa. Ukikuta rezista ndogo zimefichwa kwenye viungo, usizikate. Ndizo zinazoiwezesha paneli kujua kama waya umekatwa au umepigwa shoti. Soma thamani zake, ziwe omu 1k, 2.2k, 4.7k au 10k (k ni elfu), kisha hakikisha paneli mpya inaweza kuwekwa kwenye thamani hiyohiyo. Isipoweza, utabadili rezista kule mlangoni.

Toa kadi na taarifa zote ungali unaweza

Kompyuta ile ya zamani usiizime, usiiboreshe, usiipeleke kwa fundi kompyuta. Kwanza chukua nakala ya hifadhidata nzima, uiweke sehemu mbili. Halafu toa orodha ya watumiaji kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu: jina, namba ya kadi, kundi la milango, ratiba. Kama programu haina njia ya kutoa faili, piga picha kila ukurasa. Ni kazi ya kuchosha, lakini ni afadhali kuliko kuwaita wafanyakazi wote wapange foleni kusajili kadi upya.

Sasa angalia namba zenyewe. Kadi za 125 kHz zinazouzwa kwa wingi kwetu huchapishwa namba mbili, kwa mfano 0001234567 na pembeni 018,54919. Ni kadi moja, namba moja, imeandikwa kwa njia mbili. Wiegand ya biti 26 hupeleka biti 8 za namba ya kituo, ambayo huanzia 0 hadi 255, na biti 16 za namba ya kadi, ambazo hufika 65,535. Biti mbili zilizobaki ni za kukagua makosa. Ukigawa 1,234,567 kwa 65,536 unapata 18, na baki ni 54,919. Paneli moja inahifadhi namba ndefu, nyingine inataka vipande viwili. Kwenye jedwali la kompyuta, fomula za QUOTIENT na MOD zinakufanyia hesabu hiyo kwa kadi zote kwa pamoja. Kuwa mwangalifu tu: ukifungua CSV kwa kubofya mara mbili, sifuri za mwanzo hufutika. Ingiza safu hiyo kama maandishi.

Kadi za 13.56 MHz zina mtego wake. Visoma viwili vya watengenezaji tofauti vinaweza kusoma namba ya kadi moja kwa mpangilio wa baiti uliogeuzwa, mwisho ukaja mwanzo. Chukua kadi tano, zisome kwa paneli ya zamani na kwa kisoma kipya, ulinganishe kabla ya kuhamisha orodha yote.

Hapa pia ndipo pa kumweleza mwenye jengo ukweli kuhusu kadi zake. Kadi ya kawaida ya 125 kHz haina siri yoyote ndani yake. Kifaa cha bei ndogo kinaweza kuinakili kwa muda mfupi sana. MIFARE Classic, aina mojawapo ya kadi za 13.56 MHz, nayo usimbaji wake ulivunjwa hadharani mwaka 2008. Kubadili paneli hakuondoi udhaifu huo hata kidogo. Kama bajeti inaruhusu, hamia kadi za DESFire EV2 au EV3 na visoma vinavyosoma sehemu iliyolindwa ya kadi, maana kisoma kinachosoma namba ya nje tu, isiyolindwa, kinaiacha siri yote ya kadi hiyo bila kazi. Kama bajeti hairuhusu, chagua visoma vinavyosoma kadi za zamani na mpya ili kuhama kufanyike taratibu.

Kuchagua paneli mpya

Yatazame mambo haya kwenye karatasi ya maelezo kabla ya kulipa: idadi ya milango, aina ya relei na uwezo wake wa ampea, volti inayotaka, itifaki ya visoma, idadi ya kadi na matukio inayohifadhi yenyewe mtandao ukikatika, na kama programu yake inalipiwa mara moja au kila mwaka. Hilo la mwisho huumiza wengi. Uliza bei ya mwaka wa pili kwa maandishi.

Kuhusu itifaki, ningependa kila anayenunua leo anunue paneli inayokubali Wiegand na OSDP, itifaki mpya zaidi ya visoma, zote mbili. Wiegand hupeleka namba ya kadi waziwazi, kwa hiyo mtu akifungua kisoma na kugusa nyaya za nyuma anaweza kuinasa na kuirudia baadaye. OSDP hutumia RS-485 (njia ya kuunga vifaa kadhaa kwenye mstari mmoja wa nyaya), mazungumzo ni ya pande mbili, na ikiwashwa njia yake salama hulindwa kwa usimbaji wa AES-128. Tangu mwaka 2020 ni kiwango cha kimataifa, IEC 60839-11-5. Kuna na faida ya umbali: Wiegand inashauriwa isizidi mita 150 au hivi, na hata hapo kwa waya mnene, wakati RS-485 hufika mita 1,200. Visoma vya zamani vinaweza kubaki kwenye Wiegand kwa sasa, halafu vikibadilishwa mlango mmoja mmoja, paneli iko tayari.

Usisahau hesabu ya umeme. Kufuli la sumaku linaloshika kwa nguvu ya kilo 280 hutumia takriban nusu ampea kwa volti 12. Makufuli manne ni ampea 2. Ongeza paneli na visoma, tuseme ampea 0.8, jumla 2.8. Betri ya 7Ah kwa mzigo huo ni saa mbili na nusu kwenye karatasi, na kiuhalisia ni chini ya hapo, kwa sababu 7Ah hupimwa kwa mzigo mdogo unaodumu saa 20. Umeme unapokatika usiku mzima, makufuli ya sumaku yataachia yote kabla ya alfajiri. Weka betri ya 17Ah au kubwa zaidi, ukihakikisha pawasaplai inaweza kuichaji huku ikibeba mzigo, na milango ya nje iwe na kufuli la ufunguo ambalo mlinzi analijua.

Urefu wa waya nao uhesabu. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5 kwa mlango ulio mita 30 mbali una mita 60 kwenda na kurudi, ambazo ni takriban omu 2.1. Nusu ampea ikipita hapo, volti moja nzima inapotea njiani. Kufuli lililopewa volti 11 hushika kwa nguvu pungufu, na mtu akiuvuta mlango kwa bidii unaweza kuachia. Tumia waya mnene zaidi, au sogeza pawasaplai karibu.

Ifanye mezani kwanza

Paneli mpya isiende ukutani siku ilipotoka kwenye boksi. Iweke mezani, iwashe, unganisha kisoma kimoja, kitufe kimoja, na kufuli la akiba au taa ndogo ya volti 12 mahali pa kufuli. Sasisha programu yake ya ndani sasa hivi, kwa kuwa sasisho likikwama mezani hakuna anayefungiwa nje. Badili nywila ya kiwandani. Ipe anwani ya IP ya kudumu, na kama swichi ya mtandao inaruhusu, itenge kwenye mtandao wake, mbali na kompyuta za wageni na kamera.

Saa ni jambo linalopuuzwa sana. Paneli nyingi huja zikiwa na saa za kule zilikotengenezwa. Ikiwa imewekwa UTC+8 badala ya UTC+3 yetu, mfanyakazi aliyeingia saa mbili asubuhi ataandikwa ameingia saa saba mchana, na ratiba zote zitafungua milango kwa wakati usio wake. Weka ukanda sahihi, zima mabadiliko ya majira, elekeza paneli kwenye seva ya muda ya mtandao. Na mteja akikuambia mlango ufunguke saa moja, mwulize ya asubuhi au ya jioni, kisha uandike 07:00 au 19:00 na umwonyeshe alichokiidhinisha.

Pakia watumiaji wote, makundi, ratiba na sikukuu, kisha jaribu kadi chache za kweli. Usiondoke mezani mpaka kadi halali ifungue na kadi iliyofutwa ikataliwe.

Siku ya kubadilisha

Chagua siku yenye watu wachache. Jumamosi mchana inafaa. Mjulishe msimamizi wa jengo, mlinzi wa getini, na anayehusika na mfumo wa moto, na funguo za chuma ziwe mkononi mwako kabla ya kuanza. Kama mfumo wa moto umeungwa na makufuli, usiuguse bila mhusika wake.

Zima umeme mkubwa kwenye breka, kisha chomoa betri. Mpangilio huu una sababu: wengi huzima umeme wa ukutani wakasahau betri, halafu bisibisi inagusa pande mbili na bodi mpya inaungua kabla haijafanya kazi hata dakika moja. Pima kwa maltimita uhakikishe hakuna volti. Fungia ncha za betri kwa tepu.

Bandika lebo kila waya kabla ya kuutoa, ukifuata daftari lako: M1-D0, M1-D1, M1-KUFULI, M1-KITUFE na kadhalika. Toa bodi ya zamani nzima, usikate nyaya zake fupi hata kama zinakukera. Funga bodi mpya kwenye vishikizo vyake na unganisha ethi ya boksi. Ngao za nyaya za visoma, yaani foili au wavu wa chuma unaozizunguka, ziunganishwe na ardhi upande wa paneli pekee. Upande wa mlangoni ziachwe zimefungwa kwa tepu, maana zikiungwa pande zote mbili mkondo usiotakiwa hupita ndani yake na kuleta kelele.

Kisha mlango mmoja tu. Unga kisoma, kitufe, kitambuzi na kufuli vya mlango wa kwanza, rudisha umeme, jaribu mpaka uridhike, zima, ndipo uende wa pili. Kuunganisha milango yote minne na kuwasha kwa pamoja kunaonekana kuokoa muda, lakini hitilafu ikitokea hujui ianze kutafutwa wapi.

Kila kufuli la umeme wa moja kwa moja liwekewe dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), 1N4007 inatosha, karibu na kufuli lenyewe, upande wenye mstari ukielekea chanya. Koili ya kufuli inapokatiwa umeme hurudisha mpigo wa volti kubwa ambao hula relei na kuifanya paneli ijizime na kujiwasha. Baadhi ya makufuli huja nayo ndani, soma maelezo yake. Kwa RS-485, weka rezista ya omu 120 kwenye ncha mbili za mwisho wa mstari tu, si kwenye kila kifaa.

Sasa mlango wa kutokea, na hapa sina la kujadiliana. Kufuli la sumaku lazima liachie kwa njia isiyopita kwenye programu. Kitufe cha dharura cha kijani kinachovunjwa au kubonyezwa kikate umeme wa kufuli moja kwa moja, na relei ya mfumo wa moto ifanye vivyo hivyo kwenye pawasaplai ya makufuli. Paneli inaweza kuganda, nayo siku ya moto hakuna wa kuiwasha upya. Ukikuta jengo ambalo kitufe cha dharura kimeungwa kwenye paneli tu, lirekebishe hata kama halikuwa kwenye makubaliano, au andika kwa mwenye jengo ukiwa na saini yake kwamba amejulishwa.

Majaribio, na dalili za kawaida

Jaribu kadi halali, kadi isiyosajiliwa, na kadi halali nje ya muda wake. Bonyeza kitufe cha kutokea. Acha mlango wazi mpaka paneli ilalamike, kisha ufunge, na uufungue kwa ufunguo bila kadi uone kama inaandika mlango umelazimishwa. Chomoa waya wa mtandao, ingia kwa kadi, rudisha waya, na uhakikishe tukio hilo limefika kwenye programu. Zima breka, ukipima volti za betri makufuli yote yakiwa yameshika. Halafu jaribu kitufe cha dharura kwa kila mlango, na mfumo wa moto pamoja na mhusika wake.

Kisoma kikilia lakini namba inayofika ni ngeni au inakataliwa kila mara, anza kwa kubadilishana D0 na D1. Namba ikibadilika kila unapogusisha kadi ileile, kagua hasi ya pamoja na ngao. Mlango ukifunguka pale unapotakiwa kufungwa, umeunga NO mahali pa NC, au mpangilio wa relei kwenye programu umegeuzwa. Paneli ikijiwasha upya kila mlango unapofunguka, dayodi imekosekana au pawasaplai imezidiwa. Kitambuzi kikionyesha hitilafu muda wote wakati mlango umefungwa vizuri, rudi kwenye rezista. Mwambao, Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, fungua pia kisoma cha nje: hewa ya chumvi huacha ukoga wa kijani kwenye viungo, na kiungo cha namna hiyo kisafishwe kwa kukatwa na kuungwa upya kwa kiungio chenye jeli, si kwa kusuguliwa na kurudishwa.

Baada ya kazi

Mkabidhi mwenye jengo nywila zote za paneli na programu kwa maandishi, pamoja na nakala ya daftari lako la milango na nakala ya mipangilio. Fundi anayebaki na nywila peke yake anamweka mteja kifungoni, nami naona huo si uungwana wa kazi. Futa watumiaji walioacha kazi zamani. Katika orodha iliyotoka kwenye mfumo wa miaka mingi watakuwepo, na kadi zao bado zinafungua.

Paneli ya zamani itunzwe mwezi mmoja au miwili ikiwa nzima, ili kama kuna taarifa ilisahaulika iweze kuwashwa. Baada ya hapo futa kumbukumbu yake na ya kompyuta yake. Majina, saa za kuingia na hasa alama za vidole ni taarifa binafsi zinazolindwa na sheria, Kenya kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Bodi isiuzwe sokoni ikiwa na orodha ya wafanyakazi ndani. Betri iliyochoka ina risasi na asidi, ipelekwe kwa wanaokusanya betri za magari badala ya kutupwa jalalani. Bodi ikishafutwa, relei na fyuzi zake bado nzima, iweke kama akiba kwa jengo jingine linaloendelea kutumia modeli hiyo, maana huko dukani haipatikani tena.